Barabara ya mchepuo inaharibikia pembeni, tuongee kabla hujanunua kiwanja

Watu wa Mwanza tunajua mji wetu ulivyobanwa, huku ziwa, huku mawe, na magari karibu yote yanaingia kwa njia tatu tu, ile ya Nyegezi, ile ya Igoma na ile ya Airport, na zote zinaenda kukutana palepale mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu Nyamagana na Ilemela zaidi ya watu milioni 1.1 ukizijumlisha, alafu tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji, kwahiyo lori la Geita au Bukoba ambalo zamani lilikua linasubiri kivuko masaa mengi sasa hivi linavuka dakika chache tu na kushukia Usagara. Sasa likishafika Usagara linaenda wapi? Kama safari yake ni Musoma au Sirari halina shida yoyote na mjini, halishushi hata kiroba kimoja pale, na hapo ndio inakuja kazi ya barabara ya mchepuo, yaani ile inayozunguka mji bila kuingia katikati.

Mimi ni mhandisi wa barabara, kazi yangu ni usanifu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "lini lami inafika kwetu". Swali zuri, ila kuna lingine ambalo natamani watu waniulize kwa nguvu ileile: pembeni ya hiyo lami kutakua na nini?

Chukua barabara ya Usagara–Kisesa ambayo tayari tunayo. Ile ilijengwa ili gari la Shinyanga kwenda Musoma lisipite Mkuyuni wala Mabatini, na inafanya hiyo kazi. Lakini barabara yoyote ya namna hii ikishapata lami ardhi ya pembeni inapanda bei, mtu anafungua fremu moja, mwenzake anaweka banda la chipsi, bodaboda wanapata kijiwe, daladala nayo inaona abiria inasimama, watoto wa shule wanaanza kuvuka, Mungu apishe mbali mmoja anagongwa, wananchi wanakasirika na wana haki ya kukasirika, linawekwa tuta. Baada ya tuta la kwanza linakuja la pili. Miaka kumi mbele lori linatembea spidi ya bajaji na ile barabara ya kuzunguka mji imeshakua mtaa kama mitaa mingine, serikali inaanza kutafuta hela ya kujenga nyingine mbali zaidi. Dar wameshaliona hili, barabara ya Mandela ilijengwa ili malori ya bandarini yapite nje ya mji, leo hii iko katikati ya mji kabisa.

Sisemi watu wasifanye biashara jamani, watu lazima wale. Ninachosema ni kwamba biashara inatakiwa ikae kwenye barabara ndogo ya pembeni, ile inayokimbia sambamba na barabara kubwa, alafu inaingia kwenye barabara kubwa sehemu chache zilizopangwa. Sababu yake ni hesabu tu. Makutano ya njia nne ya kawaida yana sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana au kukwaruzana, kipilefti cha njia moja moja kina sehemu 8. Hata kiingilio kidogo cha mtu mmoja kwenda nyumbani kwake, kile cha umbo la T, kina sehemu 9. Sasa piga picha kila mwenye kiwanja kajikatia chake, kilometa moja ina viingilio arobaini, hapo hata ukiongeza lami iwe njia sita haisaidii kitu.

Na hii inanileta kwenye hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya barabara yenyewe na pembeni yake ambayo huruhusiwi kujenga, ambayo ndio inaumiza watu wengi zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zimeweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani unasimama katikati ya barabara unapima mita 30 kushoto na mita 30 kulia. Zamani ilikua mita 22.5 kila upande. Ndio maana mnaona X za rangi mbili kwenye kuta za nyumba, ile nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi na hakuna fidia, ile ya kijani maana yake sheria ndio imekufuata wewe ulipokua umeshajenga, eneo likihitajika unalipwa.

Kuna mama mmoja kule upande wa Buhongwa sitakuja kumsahau. Alikua na fremu tatu, bati jipya, milango ya chuma amepaka bluu, alinitolea karatasi ya mauziano imekunjwa kwenye mfuko wa sukari, dalali kasaini, mashahidi wawili wamesaini, kila kitu kipo. Akaniambia "mwanangu pima mwenyewe". Tukashika tepu, kijana wake akasimama katikati ya lami na ncha moja, mimi nikatembea na nyingine mpaka kwenye ukuta wa fremu ya kwanza. Mita 24. Akaniuliza kama mita 24 ni nzuri au mbaya, na fremu zenyewe kajenga 2016, wakati mita 30 zimeshakua sheria, kwahiyo yuko ndani ya hifadhi. Karatasi yake ilikua halali kama makubaliano kati yake na aliyemuuzia, ila kipande alichouziwa hakikua cha kujengwa fremu. Kupima tepu ilituchukua dakika tatu. Hizo dakika tatu angezipata kabla ya kutoa hela zake leo angekua na fremu zake mita sita nyuma zaidi.

Kwahiyo kabla hujalipia kiwanja pembezoni mwa mji, nenda TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kama ni barabara kuu au ya mkoa, nenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama ni ya mtaa au wilaya, alafu pita idara ya ardhi ya halmashauri uone ramani ya mipango miji kama kuna barabara mpya imechorwa kupita hapo. Dalali hata akiapa bado nenda.

Barabara mpya kabisa ikikukuta kwenye eneo lako halali hiyo ni habari nyingine, hapo unalipwa na usiogope kudai. Fidia inahesabu thamani ya ardhi, majengo na mazao, posho ya usumbufu, usafiri, pango la nyumba na hasara ya biashara. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema malipo yakipita miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka miwili ule uthamini umekufa, inabidi urudiwe. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, hesabu miembe yako pamoja na mthamini, piga picha, na usisaini fomu ambayo haijajazwa. Na ukishathaminiwa usiongeze chumba kingine ukitegemea kitalipwa, hakitalipwa.

Kitu kingine ni maji. Mawe ya Mwanza kila mtu anayaona, lakini shida kubwa kwetu sisi ni mabondeni, ule udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono na masika unavimba kama unga uliochacha. Ukiweka lami juu yake bila kuuondoa na kujaza kifusi kizuri, barabara inakua na mawimbi ndani ya misimu michache. Alafu humohumo ndio kuna majaruba ya mpunga. Barabara ikikatiza bondeni inakua ukuta, upande mmoja mpunga unazama, upande wa pili unakauka, isipokua kama kalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, zimewekwa za kutosha na sehemu sahihi. Ramani zetu na vipimo vya mvua vinatusaidia ila havituonyeshi kila kijito. Kuna eneo tulichora kalvati moja, mzee mmoja kwenye mkutano akasimama akasema mvua za El Nino za 1997 maji hayakupita hapo, yalipita kwenye ule mkuyu, akatupeleka kwa miguu, tukakuta mchanga wa mto umelala chini ya majani. Tukaongeza kalvati mbili.

Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano wa barabara msiwaachie watu wachache wenye viwanja. Njoo na karatasi zako, uliza barabara ya pembeni itapita wapi na watoto watavukia wapi, na kama nyumbani una bibi au babu anayekumbuka maji ya mwaka ule, mkodishie bajaji uje naye.