Si kila mguu unaouma ni siatika

Dhana: Maumivu yakianzia kiunoni yakashuka mguuni, ni siatika.

Angalia yanaishia wapi. Siatika ni mzizi wa neva uliobanwa au kuwashwa unapotoka kwenye uti wa mgongo, mara nyingi na diski (gegedu kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza. Kwa kawaida hushika upande mmoja: kalio, nyuma ya paja, kisha huvuka goti hadi kwenye wayo, kwa makali ya shoti ya umeme. Ukikohoa au kupiga chafya, huzidi. Yakikomea juu ya goti, mara nyingi ni misuli au viungo vya kiuno. Yakikaa kwenye kinena na kuvaa soksi kumekuwa kazi, nyonga ndiyo ichunguzwe.

Mzizi wenyewe hujitaja. Ukibanwa wa L5 (mzizi wa tano wa kiuno), ganzi hukaa upande wa juu wa wayo na kidole gumba cha mguu hukosa nguvu ya kuinuka. Ukibanwa wa S1 (ulio chini yake), ganzi hufuata ukingo wa kidole kidogo, na kusimamia ncha za vidole vya mguu huo huwa kugumu. Mlaze mgonjwa chali, umwinue mguu goti likiwa limenyooka: maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, siatika inashukiwa. Kuvutwa nyuma ya paja tu ni misuli kukaza.

Dhana: Ni baridi, uchuliwe utapona.

Hii inaweza kuua. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma likibonyezwa, huenda damu imeganda kwenye vena. Zungushia tepu ya fundi cherehani sm 10 chini ya kifupa kinachochomoza chini ya goti. Miguu ikitofautiana kwa zaidi ya sm 3, shaka ni kubwa. Usichue kamwe, donge linaweza kung'oka likaziba mshipa wa mapafu. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tofauti ni ndogo.

Dhana: Ukitembea ukauma, neva imebanwa.

Maumivu yakitulia dakika chache baada ya kusimama tu, shuku ateri (mishipa ya damu) zilizoziba, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari. Yasipotulia mpaka uketi au uiname, mfereji wa uti wa mgongo huenda umekuwa mwembamba. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku, pima sukari.

Dhana: Siatika ni kulala tu.

Kulala siku nyingi hakuharakishi kupona. Tembea kadiri unavyomudu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Lakini ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo kukwama, ni dharura: usisubiri kupambazuke.