Dawa ya utoro si fimbo

Wengi tumekua tukisikia kwamba mtoro hurudishwa shuleni kwa viboko. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu, ingawa waraka wa mwaka 2002 unaweka ukomo wa vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule.

Hebu tufuate hesabu ya mtoto mwenyewe. Amechelewa kwa sababu alitumwa maji, na anajua getini kuna fimbo. Anaona heri ajifiche vichakani hadi wenzake watoke, arudi nao nyumbani. Kesho makosa ni mawili, na keshokutwa haji kabisa. Fimbo imezaa utoro uleule.

Mtoto wa darasa la pili huvutwa shuleni na vitu vidogo: mwalimu anayemwita kwa jina, anayemwambia "Jana tulikukosa, ulikuwa unaumwa?", zamu yake ya kufuta ubao, kikombe cha uji saa nne. (Uji, kwa maoni yangu, unashinda hotuba yoyote ya kikao cha wazazi.)

Darasa lenye upole halizuii mto kufurika wala halimlei mdogo wa mwanafunzi aliyeachiwa nyumbani. Hayo ni ya kuzungumza na mzazi, na mwalimu huyajua mapema pale ambapo mtoto haogopi kuyasema.