Kwa nini gavana aliyeahidi kubana matumizi aliipandishia California kodi?

Ronald Reagan anakumbukwa kama Rais wa 40 wa Marekani na kama adui mkubwa wa kodi. Hata hivyo, kabla ya kuingia Ikulu aliliongoza jimbo la California kwa vipindi viwili, kuanzia 1967 hadi 1975, na katika mwaka wake wa kwanza alitia saini nyongeza ya kodi ya takriban dola bilioni 1. Hadi wakati huo hakuna jimbo la Marekani lililokuwa limewahi kuwaongezea wananchi wake kodi kwa kiasi hicho. Ilikuwaje mhafidhina kama yeye akafika hapo?

Reagan alizaliwa mwaka 1911 katika mji mdogo wa Tampico, Illinois, baba yake akiwa muuza viatu. Alitangaza michezo redioni, akaingia Hollywood mwaka 1937, kisha akakiongoza chama cha wafanyakazi cha waigizaji. Miaka hiyo alikuwa Mdemokrati na shabiki wa Rais Franklin Roosevelt. Kilichombadilisha kwa kiasi kikubwa ni kazi aliyoifanya kuanzia 1954 hadi 1962 kwa kampuni ya General Electric, ambapo pamoja na kuendesha kipindi cha televisheni alizunguka viwandani akihutubia wafanyakazi. Mwaka hadi mwaka hotuba zake zilizidi kuilaumu serikali kwa ukubwa wake, na mwaka 1962 akajiandikisha rasmi kuwa Mrepublican. Oktoba 1964 alihutubia taifa kwenye televisheni akimwombea kura Barry Goldwater, mgombea urais wa chama hicho. Goldwater alishindwa vibaya, lakini matajiri kadhaa wa California waliona kwamba mnenaji angeuzika kuliko mgombea mwenyewe. Miaka miwili baadaye Reagan alimshinda gavana aliyekuwa madarakani, Pat Brown, kwa tofauti ya karibu kura milioni 1.

Alipoingia ofisini alikuta hazina haina hali. Katika mwaka wake wa mwisho serikali ya Brown ilikuwa imebadili namna ya kuhesabu mapato, hata fedha za miezi 15 zikatumika kugharimia matumizi ya miezi 12, jambo lililoepusha kodi mpya katika mwaka wa uchaguzi na kumwachia mrithi pengo la kuziba. Hapa ndipo tofauti kati ya jimbo na serikali kuu ya Washington inapojitokeza. Washington inaweza kukopa mwaka baada ya mwaka ili kulipia matumizi yake ya kawaida, ilhali katiba ya California inamtaka gavana apeleke bungeni bajeti ambayo matumizi hayazidi mapato, na yakizidi, aeleze fedha ya ziada itatoka wapi. Isitoshe, wakati huo bajeti ilihitaji theluthi mbili ya kura katika mabaraza yote mawili ya bunge, na Wademokrati ndio waliokuwa wengi.

Reagan alianza na alichokiahidi. Alisimamisha ajira mpya na kuagiza kila idara ipunguze matumizi kwa asilimia 10. Agizo hilo lilishindwa haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za jimbo ilikuwa imekwisha kufungwa na sheria, hasa kwa ajili ya shule na misaada ya watu maskini. Tena idara zilizokuwa zikijibana tangu zamani ndizo zilizoumia kuliko zile zilizozoea kufuja. Akaketi na Jesse Unruh, spika Mdemokrati, wakaelewana. Kodi ya mauzo ya jimbo ikapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikatoka asilimia 7 hadi 10, na sigara na pombe hazikusalimika. Lawama zote alizielekeza kwa Brown, na kwa maoni yangu hakukosea kabisa, ingawa nyongeza ilizidi mahitaji ya pengo lenyewe, kiasi kwamba baadaye ilipatikana ziada ambayo sehemu yake ilirudishwa kwa walipa kodi.

Mwaka huohuo wa 1967 alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba, uamuzi alioujutia baadaye, na mwaka 1969 akaruhusu talaka isiyohitaji kuthibitisha kosa la mwenzi. Asidhaniwe kuwa alikuwa mpole, kwa maana Mei 1969 alipeleka kikosi cha ulinzi wa taifa mjini Berkeley katika ghasia za wanafunzi ambamo kijana mmoja aliuawa kwa risasi za askari wa kaunti.

Kisa kinachoonyesha vizuri namna alivyorudi nyuma ni cha makato ya kodi kwenye mishahara. Reagan aliyapinga akiamini kwamba kodi inapaswa kumuuma mlipaji, na mtu anayekatwa kidogo kidogo haumii. Alisema miguu yake imejengewa zege katika suala hilo. Lakini kwa kuwa wananchi walilipa kwa mkupuo mwezi Aprili, jimbo liliishiwa fedha taslimu katika miezi mingine na likalazimika kukopa, hadi mwishowe akawatania waandishi wa habari kwamba sauti wanayoisikia ni ya zege likipasuka. Mwaka 1973 alijaribu kuweka ukomo wa kodi ndani ya katiba ya jimbo kwa kura ya maoni, nao wapiga kura wakaukataa.

Alipokuwa Rais mambo yalikwenda kwa mtindo uleule: Agosti 1981 alitia saini punguzo kubwa la kodi, na Septemba 1982, nakisi ilipozidi kutanuka, akatia saini sheria iliyorudisha sehemu ya kodi hiyo.