Je, wajua kwa nini Bobby Williamson alibeba CECAFA (Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati) mara nne akiwa kocha wa Uganda lakini AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ikamgomea?

Sisi Wabongo tuliokuwa tunafuatilia Chalenji miaka ile tunamkumbuka vizuri huyu kocha wa Kiskoti, maana katutesa sana. 2011 pale Dar alitutoa nusu fainali 3-1 baada ya dakika 120, mwaka uliofuata Kampala akatupiga 3-0, tena nusu fainali hiyohiyo. Tulichomlipa ni 2010 tu, tulipowatoa kwa matuta na kombe likabaki nyumbani.

Kwa wasiomjua, Williamson ni mtu wa Glasgow, enzi zake alikuwa straika, kapita Clydebank, Rangers, akaenda Uingereza West Brom na Rotherham, akamalizia Kilmarnock. Hapohapo Kilmarnock akawa kocha na 1997 akabeba Kombe la Scotland kwa kuifunga Falkirk 1-0. Baadaye akapita Hibernian, Plymouth na Chester, na 2008 akatua Kampala kuchukua nafasi ya Csaba László, ambaye naye alikuwa kaondoka kwenda Scotland kuifundisha Hearts, yaani walipishana njiani.

Kazi yake na Cranes, timu ya taifa ya Uganda, ilianza kwa kishindo. CECAFA ya 2008, 2009, 2011 na 2012 zote zake, mara nne kwenye mashindano matano. Sasa swali ambalo Waganda wamelijadili mpaka leo, mtu anayetawala ukanda hivyo anashindwaje kufuzu AFCON?

Wengi wanasema mkosi, mimi sikubaliani. Angalia kundi la kufuzu AFCON 2012, Uganda walikuwa na Angola, Kenya na Guinea-Bissau. Walianza kwa kuichapa Angola 3-0 pale Namboole, uwanja wao wa nyumbani, wakatoa suluhu Nairobi, wakashinda Bissau 1-0, wakarudi nyumbani wakashinda 2-0. Mpaka hapo pointi 10 na watu wameshaanza kupanga safari. Zimebaki mechi mbili, wakaenda Luanda wakapigwa 2-0. Bado hatima ilikuwa mikononi mwao, wanacheza na Kenya nyumbani tarehe 8 Oktoba 2011, uwanja umefurika, wakishinda wamefuzu. Ikaisha 0-0, na siku hiyohiyo Angola akashinda 2-0 kule Bissau akafikisha pointi 12, Uganda 11. Hata mlango wa washindi wa pili bora haukufunguka kwa sababu Sudan walimaliza na 13 na Libya 12. Inauma jamani, ila hata sare tu kule Luanda ingewatosha, wangefika 11 kabla ya Kenya na Angola angebaki nyuma yao mwisho wa siku.

Ya pili ndiyo ilivunja watu moyo kabisa. AFCON ilikuwa inahamishiwa miaka ya witiri kwa hiyo kufuzu 2013 kukafupishwa kuwa raundi za mtoano za nyumbani na ugenini, na raundi ya mwisho Uganda wakapewa Zambia, mabingwa wa Afrika wenyewe. Ndola wakafungwa 1-0. Marudiano Oktoba 2012 Namboole, Geofrey Massa akasawazisha mambo mapema, ikaisha 1-0, wakaenda kwenye matuta, watu wakapiga weee mpaka Zambia akapita 9-8. Machi 2013 wakapigwa 2-0 Monrovia na Liberia kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Aprili kocha akatimuliwa.

Luanda, Ndola, Monrovia, umeona? Safari tatu hakuna bao hata moja. Nyumbani Namboole hakuna aliyetoka na ushindi kirahisi, ila ugenini timu ilikuwa inajilinda halafu inasubiri kurudi nyumbani kurekebisha. Na CECAFA ilimfaa kwa sababu ni mashindano ya kituo kimoja, unakaa na wachezaji wako wengi wa ligi ya ndani wiki kadhaa mfululizo, unawajenga mechi kwa mechi. Mechi za kufuzu hazina muda huo, wachezaji wanatoka kila kona, siku chache za mazoezi mnapanda ndege.

Kocha mwenyewe alikuwa na uwezo, hilo msibishe, maana baada ya Uganda alienda Gor Mahia ya Kenya na 2013 akawapa ubingwa wa ligi ambao hawakuwa wameuona tangu 1995. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ndiyo ilimwendea vibaya, nako malipo yake yakaishia kuwa kesi.

Waganda walifuzu 2016, kwa AFCON 2017 ya Gabon, chini ya kocha Micho, bao 1-0 dhidi ya Comoro pale Namboole, na wengi walikumbuka tu lile bao la Farouk Miya. Mimi nakumbuka zaidi kwamba kwenye kampeni ileile walikuwa wameshinda 1-0 Comoro kwao, na Botswana wakawafuata kwao wakawapiga 2-1. Pointi 6 za ugenini hizo, na nahodha aliyeenda Gabon alikuwa Massa.