Barafu Mnayoililia Kila Aprili Ndiyo Inayookoa Zabibu za Chablis

Imeanza tena. Aprili ikiingia tu, ile picha inarudi kwenye makundi ya WhatsApp: tawi la mzabibu limefunikwa barafu nene, angavu, na ndani yake jicho la kijani, yaani chipukizi linaloanza kufunguka, linaonekana kabisa. Chini yake maandishi: "Baridi yateketeza mashamba ya mvinyo Ufaransa." Nimetumiwa na watu wa Arusha, wa Mombasa, na binamu yangu aliyeko Muscat, na wote wananipa pole. Pole za nini jamani? Barafu hiyo imewekwa pale na mwenye shamba mwenyewe, kwa makusudi, kwa pampu, usiku wa manane, na amelipia. Jicho mnaloliona humo ndani liko hai. Yaliyokufa ni yale ya shamba la jirani ambalo halina barafu hata kidogo, na hayo hayapigwi picha kwa sababu hayapendezi: ni vitu vya kahawia vilivyonyauka, ukivigusa vinapukutika.

Mimi kazi yangu ni kununua mvinyo, na kila majira ya kuchipua nazunguka Chablis nikionja mvinyo wa mwaka uliopita na kuangalia mwaka mpya unavyoanza. Chablis iko kaskazini mwa Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, kando ya mto Serein, kama kilomita 20 mashariki ya Auxerre. Zabibu ni Chardonnay peke yake, mvinyo ni mweupe peke yake. Sitaki kurudia habari za udongo wenye visukuku vya chaza. Kila lebo inazieleza, na nyingine zinazidisha chumvi. Leo ni jalidi, ile baridi kali ya usiku inayogandisha mimea.

Kwanza tuache kuchanganya baridi ya kipupwe na jalidi ya Aprili. Mzabibu ukiwa umelala hauna shida na baridi. Katikati ya kipupwe, joto la nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida kwake, na kwa kawaida huvumilia mpaka nyuzi 15 chini. Zipo baridi za kuua mti wenyewe: Februari 1956 iliua mizabibu Bordeaux na mizeituni Provence, mpaka watu wakalazimika kupanda upya. Lakini hizo ni nadra. Kinachowanyima usingizi watu wa Chablis ni nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, saa kumi na moja alfajiri, wakati jicho limeshafunguka na kutoa majani mawili matatu. Kijani kile kimejaa maji. Maji yakiganda ndani ya tishu, yanazipasua, na chipukizi hilo ndilo lililobeba vishada vya mwaka huu, vidogo kuliko punje ya mtama lakini tayari vimo. Mti haufi. Mavuno ndiyo yanayokufa. Waliokulia Njombe au Kinangop wanaijua habari hii kwa upande wa viazi, sihitaji kuwaeleza.

Na hapa ndipo swali la joto duniani linapoingia kwa mlango wa nyuma. Watu huuliza: kama dunia inapata joto, jalidi inatoka wapi? Inatoka palepale ilipokuwa ikitoka. Kilichobadilika ni mzabibu. Machi inakuwa na joto, macho yanafunguka mapema, halafu Aprili inafanya yale ambayo Aprili imefanya siku zote. Mwaka 2021 mwisho wa Machi ulikuwa na joto la kushangaza, kisha wiki ya kwanza ya Aprili ikaleta jalidi usiku kadhaa mfululizo, karibu Ufaransa nzima. Chablis iliumia vibaya, tena baada ya kuumia 2016 na 2017.

Sasa tuje kwenye barafu yenyewe, maana hapa ndipo ninapochoka na maelezo ya mitandaoni. Hata wale wanaojua kwamba maji hunyunyizwa kwa makusudi husema: "Barafu inakuwa blanketi, inazuia baridi isiingie." Si kweli. Barafu hupitisha joto vizuri tu. Ukilifunika jicho kwa barafu kisha ukafunga pampu, hukuliokoa, umelizika. Kinachookoa ni tendo la kuganda. Maji yakigeuka barafu hutoa joto: gramu moja hutoa joule kama 334. Mradi maji mapya yanaendelea kuangukia tawi na kuganda, joto hilo linaendelea kutoka, na jicho linabaki kwenye sifuri au chini yake kidogo sana. Huko halifi. Nje inaweza kuwa nyuzi 5 chini ya sifuri na ndani limetulia.

Ila pampu ikisita, mambo yanageuka. Mmeona mtungi wa udongo unavyopoza maji: yanachuruzika nje taratibu, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Tawi lililolowa linapigwa hivyohivyo. Na hesabu yake ni katili, kwa sababu gramu moja ya maji inayokauka hunyonya joto zaidi ya mara saba ya lile linalotolewa na gramu moja inayoganda. Kwa hiyo mkulima ambaye mota yake imezimika saa kumi alfajiri ana hali mbaya kuliko yule ambaye hakuwasha kabisa. Hilo halimo kwenye picha.

Kuna la ziada ambalo hata wanafunzi wa kilimo cha zabibu hulirukaruka. Uwashe saa ngapi? Mgeni anatazama kipimajoto cha kawaida, kinasoma nyuzi 1 juu ya sifuri, anasema bado tuna muda. Hapana. Mkulima anatazama kipimajoto cha pili, chenye utambi uliolowa maji, kwa sababu jicho likishalowa litashuka mpaka joto linalosomwa na kile. Usiku wa hewa kavu, kipimajoto kikavu kinaweza kuwa juu ya sifuri na chenye utambi kikawa tayari chini. Ukichelewa, matone yako ya kwanza ndiyo yatakayoua. Ukiwahi mno, unamaliza maji. Nimesimama na wakulima wenye uzoefu wa miaka mingi wakibishana juu ya nusu nyuzi, kila mmoja na simu yake mkononi ikionyesha vipimo vya shambani, na hakuna aliyekuwa na hakika. Ukianza huwezi kuacha mpaka jua litoke na barafu ianze kudondoka yenyewe, na asubuhi nyingine hiyo ni saa tatu au saa nne.

Maji ni mengi: karibu mita za ujazo 40 kwa hekta kwa saa. Piga hesabu ya kunyunyiza kwa muda wa saa nane usiku mmoja, halafu usiku tatu mfululizo. Ndiyo maana kijiji cha Beine kina bwawa la kuchimbwa, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ni la bata. Ndiyo maana pia mfumo huu umefika sehemu ndogo tu ya mashamba. Shamba lililo mbali na maji halina habari nayo.

Wengine wana mishumaa. Ni ndoo za bati zilizojaa nta ya parafini, 300 mpaka 500 kwa hekta, na lazima watu waziwashe moja moja gizani. Zinaongeza nyuzi mbili, labda tatu, pasipo upepo. Watalii wanazipenda sana. Mwenye shamba anaona noti zinaungua. Kuna nyaya za umeme zinazofungwa kando ya tawi, nzuri na ghali. Kuna feni kubwa juu ya mnara zinazoshusha hewa ya juu yenye joto, na hizo hufanya kazi usiku wa anga safi na utulivu, pale baridi inapotambaa ardhini na kutuama bondeni. Jalidi ikija na upepo kutoka kaskazini, juu kote baridi na chini kote baridi, feni inazungusha baridi tu.

Na moshi? Mwaka 2021 wakulima sehemu kadhaa za Ufaransa walichoma majani makavu alfajiri, bonde zima likawa jeupe. Hoja yao ni kwamba jua la asubuhi likipiga barafu iliyotanda kwenye chipukizi linaunguza, na moshi unalichelewesha. Vitabu vingine vinaieleza kama jambo lililothibitika. Mimi sijashawishika. Ninavyoelewa, tishu nyingi zimeshapasuka kabla jua halijatokeza, na mashahidi wa moshi wote walikuwa pia na kitu kingine shambani usiku huo. Lakini nimekutana na watu makini, wasio na tabia ya kuamini hadithi, wanaoapa kwamba safu zilizokuwa kivulini zilipona. Siwezi kuwaambia wamekosea.

Mashamba haya yalivyo leo yana mkono wa jalidi ndani yake. Katikati ya miaka ya 1950 Chablis ilikuwa imebaki na hekta kama 500 tu. Leo zimezidi 5,000. Sababu ziko nyingi, soko likiwemo, lakini mtu hapandi zao ambalo aprili moja katika kila tatu inalifagia. Majiko ya mafuta ya kupasha mashamba joto yalipoingia, kisha maji, benki zikaanza kusikiliza. Miteremko ya grand cru, yaani ya daraja la juu kabisa, ile saba juu ya mji, ambayo sehemu zake za chini zinapokea baridi yote inayoteremka, ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kulindwa.

Jingine linaloniudhi: "Zabibu chache, mvinyo bora, kwa hiyo jalidi ina faida." Hii husemwa na wauza mvinyo wenye stoo ya mwaka mbaya. Kupunguza zabibu kwa kupogoa ni kitu kimoja, unaamua mwenyewe kibaki nini. Jalidi haichagui. Baada yake mti unatoa macho ya akiba, yenye vishada vichache na yanayochelewa wiki kadhaa, na kwenye mti huohuo unakuwa na zabibu za rika mbili. Uvune lini? Utakosea upande mmoja. Kuna mvinyo mzuri wa 2021, nimeununua na nimeufurahia, wenye ukali wa tindikali kama wa zamani. Ila sifa apewe aliyechambua vishada.

Basi ukitaka kwenda, nenda majira haya, usingoje mavuno. Septemba kila mtu anakimbia, utapewa dakika kumi na kikaratasi cha bei. Machi utakuta wanamalizia kupogoa na kufunga matawi kwenye waya. Wengine huacha tawi limesimama wima mpaka hatari ipungue, maana juu kuna baridi kidogo kuliko karibu na udongo. Mei wanapunguza machipukizi kwa mkono. Hakuna treni inayofika Chablis. Shukia Auxerre, kodi gari. Ushirika wa La Chablisienne, ulioanzishwa 1923, unapokea mtu yeyote. Kwa mkulima mdogo piga simu mapema, fika kwa wakati, tema unachoonja, na ukipenda nunua chupa kadhaa. Ndugu zangu msiokunywa, semeni tu. Watawapeleka shambani, na huko ndiko kwenye maneno.

Kuhusu kuonja mvinyo mchanga mwezi Aprili, nitasema jambo ambalo wenzangu hawalipendi. Mvinyo bado una ukungu, mara nyingi uchachu wa pili unaolainisha tindikali haujaisha, na tangi mbili zilizo jirani zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti. Tunaandika alama kwenye madaftari yetu kwa uso mkavu. Ukweli ni kwamba naweza kutambua mvinyo wenye kasoro, na naweza kutambua uliojaa na ulio mwembamba. Zaidi ya hapo nategemea kumfahamu mtu aliyeutengeneza. Chablis nyingi hukaa kwenye chuma cha pua, si kwenye pipa, kwa hiyo hata ile harufu ya mbao ya kujifichia haipo.

Tarehe za kuchagua: wiki mbili za kwanza za Aprili kama unataka kuyaona mapambano, au baada ya watakatifu wa barafu, yaani tarehe 11 hadi 13 Mei, kama unataka mkulima mwenye nafasi ya kuzungumza. Ukienda Aprili, usiombe miadi kabla ya saa nane mchana. Na ukipokea ujumbe wa kuahirisha wenye maneno mawili, usiulize sababu. Tazama joto la usiku uliopita Auxerre, kisha jibu kwamba utapiga wiki ijayo.