Kuweka N kwenye mteremko hakuokoi mafuta

Madereva wengi wa magari ya otomatiki, wakifika kwenye mteremko, husogeza gia kutoka D (ya kwenda mbele) hadi N (gia huru, isiyounganisha injini na matairi) wakiamini wanabana mafuta. Kwa injini za nozeli (vipulizia mafuta) zinazoongozwa na kompyuta, mambo ni kinyume kabisa.

Ukiwa kwenye D na ukaondoa mguu kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo hufunga nozeli, na kwa muda huo injini hainywi chochote. Ukiweka N, matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili isizime.

Linalonitia hofu zaidi ni breki. Kwenye N injini haikusaidii kulizuia gari, mzigo wote unabebwa na pedi na diski. Mteremko ukiwa mrefu zinapata moto, unasikia harufu ya kuungua, pedali inabonyea lakini gari halipungui mwendo. Hapo umechelewa. Shuka na D, na mteremko ukiwa mkali punguza mwendo kwanza kisha weka 2 au L, yaani gia za chini. Mngurumo utakaousikia si injini kuumia. Ndivyo inavyolishika gari.