Mazingira ya kujifunzia kutengeneza tovuti ni nini?

Ukiambiwa "andaa mazingira" kabla ya kuanza kujifunza kutengeneza tovuti, hapo hazizungumzwi meza na kiti. Ni programu chache na folda moja, zilizopangwa ndani ya kompyuta ili msimbo unaouandika, yaani maagizo kwa kompyuta, uuone ukifanya kazi papo hapo. Zikishasakinishwa, hata intaneti si lazima.

Kwa HTML na CSS, lugha za kuunda kurasa za tovuti na kuzipamba, kihariri cha matini (programu ya kuandikia msimbo) na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) vinatosha. Notepad inafaa, ila Visual Studio Code ni ya bure na hupaka msimbo rangi, hivyo alama uliyosahau huonekana mapema. Word usiiguse: hupinda alama za nukuu, na msimbo hauzitambui zikipinda. Kwenye Chrome au Firefox bonyeza F12. Dirisha linalofunguka hutaja makosa ya JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, pamoja na namba ya mstari. Kwa maoni yangu, hilo ni la kulizoea tangu siku ya kwanza.

Mafaili yape majina ya herufi ndogo, bila nafasi. Windows haitofautishi Picha.jpg na picha.jpg, lakini seva (kompyuta au programu zinazohudumia tovuti) zinazotumia mfumo wa Linux hutofautisha, na ndiyo maana tovuti hukosa picha mara tu inapopandishwa hewani.

Wengi hukwama wanapofika kwenye PHP, lugha ya msimbo unaoendeshwa upande wa seva. Kivinjari hakiijui lugha hiyo. Lazima seva iuendeshe msimbo kwanza, kisha ikikabidhi kivinjari HTML iliyo tayari. Kwa hiyo unasakinisha seva kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kifurushi cha XAMPP huleta kwa mkupuo Apache (ndiyo seva yenyewe), PHP na MariaDB, programu ya hifadhidata, yaani ya kutunzia taarifa. Kazi zako unaziweka kwenye folda ya htdocs, halafu unaandika http://localhost kwenye kivinjari. Anwani hiyo ni ya kompyuta hiyo hiyo unayoitumia. Kwa namba ni 127.0.0.1, na ombi lako halitoki nje.

Tazama sehemu ya anwani kila mara. Ikianza na file://, basi umelifungua faili kwa kulibofya tu, seva haikuhusika, na PHP haitafanya kazi hata msimbo uwe sahihi kiasi gani. Na Apache ikigoma kuwaka, mara nyingi kuna programu nyingine iliyoshika mlango (port) namba 80, ambao Apache hupokelea maombi. Ifunge hiyo, au ipe Apache namba nyingine, tuseme 8080, na anwani iwe http://localhost:8080.